Dawa za Pande Mbili

Kwetu Kalembe, mgeni hakuambiwa kile alicholeta mgeni mwingine. Ukizaliwa katika nyumba iliyokaa mpakani, mlango wa mbele ukitazama Masisi na wa nyuma ukitazama Walikale, unafundishwa adabu hiyo kabla hujafundishwa kusali. Ndugu wa baba walishuka kutoka milimani na maharagwe. Ndugu wa mama walipanda kutoka msituni na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Maharagwe yalisifiwa mbele ya wenye maharagwe, na nyama mbele ya wenye nyama. Ukithubutu kuisifu nyama mbele ya shangazi, shangazi alisikia kwamba maharagwe yake yana wadudu. Mama yangu aliishi katikati ya koo hizo mbili tangu alipoolewa bila kuudhi upande wowote. Baadaye nilisoma vitabu vinene juu ya mabalozi walioshindwa kazi hiyo hiyo huku wakilipwa mshahara.

Nataka kueleza jinsi adabu hiyo ilivyokaribia kumuua.

Ilikuwa katika miaka ya sitini, baada ya zile fujo za mwanzo zilizofuata uhuru. Tulikuwa tumekimbia kama wengine, tukalala msituni, tukarudi, tukakuta nyumba imesimama lakini mlango umechukuliwa. Baba alikuwa ameshafariki kabla ya hapo, kwa homa, kifo cha kawaida, na Mama alizoea kusema kwamba mumewe alijua kuchagua wakati. Mlango tulitengeneza mwingine. Lakini kile kilichong'oka ndani ya Mama hakikupata fundi. Lori la viazi likianza kuteremka kilima, mikono yake ilitetemeka na moyo wake ulipiga hadi kitambaa cha kifuani kikatikisika. Alikuwa wa kwanza kujicheka.

“Iko viazi tu,” alisema, akishikilia ukuta. “Viazi inakuja kuniua.”

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mbali, katika mji mkuu. Nilisomea lugha na fasihi. Nyumbani waliamini kwamba aliyefika chuo kikuu amefika mahali ambapo elimu zote huishi pamoja kama kuku katika banda moja, kwa hiyo nikirudi likizo niliulizwa juu ya ugonjwa wa mihogo, juu ya mipaka ya mashamba, na juu ya mimba. Nilijibu yote. Hakuna aliyewahi kufuata ushauri wangu, na hilo ndilo jambo pekee lililolinda heshima yangu.

Aliyempeleka Mama hospitali Mweso hakuwa mimi. Alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke mpana aliyezungumza na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde. Mama alikuwa akilalamika kichwa kizito kisogoni kila asubuhi. Shangazi akasema inatosha, akamfunga kitenge kipya, akamsukuma juu ya lori. Walirudi na habari kubwa: Mama alikuwa na tansiyo. Damu yake ilikuwa inasukuma kwa nguvu kupita kiasi ndani ya mishipa. Daktari alikuwa amempa kinini za aina mbili; kwetu kila kidonge kiliitwa kinini. Nyeupe ndogo zilikuwa za kushusha ile damu. Za njano zilikuwa za kutuliza woga, ili lori likiita moyo usikimbie.

“Daktari amesema hizi mbili zinavuta kamba moja,” shangazi alinieleza nilipofika likizo, akizishika chupa mbili kama mtu anayeonyesha watoto mapacha. “Nyeupe inashusha. Ya njano inalaza, na yenyewe pia inashusha kidogo. Njo maana amepima kidogo-kidogo. Asikunywe kasiksi hata tone. Akiamuka, akae kwanza, kisha asimame. Na akikunywa dawa ingine yoyote, amwambie.”

“Na anakunywa ingine?”

“Atakunywa ingine ya nani? Mimi njo niko hapa!”

Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, Mama hakuigusa tangu ubatizo. Kwa hiyo tulijiona tumetimiza amri zote.

Lakini yule Mama niliyemkuta hakuwa yule niliyemwacha. Malori yalipita, naye hakuinua uso. Shangazi alifurahi. “Unaona? Kinini inatumika!” Mimi pia nilifurahi, kwa muda. Kisha nikaanza kuona kwamba hainui uso hata kuku wakiingia kwenye unga. Alisinzia mchana akiwa ameshika kisu na muhogo uliomenywa nusu. Pua yake ilikuwa imeziba siku zote, tukamfukizia majani ya mkaratusi chini ya blanketi, akatoka humo amelowa, na pua imeziba vilevile. Mara nyingine machozi yalimtoka bila sauti wala sababu, akayafuta kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayefuta jasho. Nilipomuuliza analilia nini, alifikiri kwa bidii, akasema hajui, labda macho yanavuja.

Niliombwa kueleza. Nilieleza. Nilizungumza juu ya asili ya neno la Kigiriki linalohusu huzuni, na jinsi Wagiriki walivyoiweka ndani ya nyongo. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikachote maji.

Shamba la Mama lilikuwa limetandikwa ubavuni mwa kilima kama shuka iliyoanikwa. Mtu aliyelima humo aliweza kugusa udongo ulio mbele yake bila kuinama. Chini ya shamba palikuwa na mstari wa matete, na baada ya matete palikuwa na korongo. Asubuhi moja Mama alichuchumaa kung'oa magugu katikati ya maharagwe. Nilikuwa juu yake kidogo, nikijifanya nalima. Akasimama. Nilimwona akisimama, mkono kiunoni, kama alivyosimama maisha yake yote. Kisha magoti yakaacha kazi. Hakupiga kelele, hakujikinga. Alianguka kama nguo inavyoanguka kutoka kwenye kamba, akabiringika, maharagwe yakilala kumpisha, mpaka matete yakamshika.

Nilipomfikia alikuwa ameshafungua macho. Uso ulikuwa umechunika, na mguu mmoja ulining'inia mahali pasipo na udongo.

“Nilisimama tu,” alisema. “Dunia ikazimika.”

Majirani walimbeba kwa kitanda cha miti mpaka barabarani, na huko akapakiwa juu ya lori lililokuja. Lilikuwa lori la viazi. Yule mwanamke aliyetetemeka kwa sauti yake alilala juu ya magunia njia nzima, akirushwa na kila shimo, wala hakujua. Nilimtazama nikatamani aogope. Shangazi alikaa kichwani pake akimpepea nzi.

Daktari alikuwa mzungu mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyejifunza Kiswahili kwa wanyapara wa mashamba ya chai. Kwa sababu hiyo lugha yake haikuwa na kitu kingine isipokuwa amri. Alikuwa mtu mpole sana aliyewapigia wagonjwa kelele kama vibarua.

“Lala!” alimwambia Mama. “Pumua! Nyamaza!”

Alimfunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo kwa kubana mpira. Pembeni palikuwa na kijibao chenye bomba la kioo, na ndani ya bomba zebaki ilipanda, inang'aa, hai kama mdudu. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho. Daktari alisikiliza kwa mipira yake ya masikioni, zebaki ikishuka taratibu, ikidunda kidogo mahali fulani, na nikaelewa kwamba ule mdundo ni Mama. Ni moyo uliokuwa ukipiga kabla ya mimi kuwapo, na sasa ulikuwa unasukuma metali ndani ya kioo mbele ya macho yetu. Nilivua kofia. Shangazi alinitazama kama mjinga, kisha naye akarekebisha kilemba chake.

“Chini,” daktari alisema. “Chini sana. Sasa, simama!”

Tulimsimamisha, mimi huku na shangazi kule. Daktari akapima tena. Safari hii zebaki ilishuka, ikashuka, ikapita pale palipokuwa na mdundo, na mdundo haukuja. Iliendelea kushuka. Nilihisi mkono wa Mama unakuwa mzito ndani ya mkono wangu, na midomo yake ikawa ya rangi ya majivu. Mdundo ulipokuja, ulikuja chini kabisa, mahali ambapo hata mimi, mtu wa fasihi, nilijua kwamba si mahali pa mtu aliyesimama.

“Laza! Upesi! Miguu juu!”

Tulimlaza. Midomo ikarudi rangi yake. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akageuza zile chupa mbili mikononi mwake. Alisema kwamba kipimo alichompa amewapa wengi, na hawaanguki hivi. Kisha akamwinamia Mama.

“Wewe nakunywa kitu gani ingine?”

Mama alitazama juu. Kisha alimtazama shangazi, aliyesimama miguuni mwa kitanda, mikono kifuani.

“Maji,” alisema Mama.

“Ingine?”

“Mchuzi.”

“Ingine! Sema!”

“Hakuna, Papa.”

“Huyu hakunywi hata kasiksi,” shangazi alisema kwa fahari. “Minamulinda mwenyewe.”

Daktari aliamuru Mama asipewe kinini yoyote nyeupe, na ya njano apewe nusu tu. Hakutaka kuikata yote kwa ghafla. Alieleza kwamba mwili uliozoea dawa hiyo ukiinyang'anywa mara moja hugeuka kuwa mkali, hutetemeka, hukosa usingizi, na huenda woga ukarudi na ndugu zake. Kisha akasema jambo ambalo sikulitaka. Alisema kwamba asipojua ni nini kinachoishusha damu, hawezi kujua mahali itakaposimama.

Juma lililofuata alikuja mjomba.

Kaka huyo mkubwa wa Mama aliishi upande wa Walikale, mahali barabara inapokata tamaa. Alikuwa mkulima na mwindaji, mwembamba, mwenye koti la mvua alilolivaa jua likiwaka. Alikuwa Mkristo mwaminifu, na pia alishika mambo mengine ambayo padri hakumuuliza wala yeye hakumsumbua padri kwa kumweleza. Kwetu, mkono wa mjomba ni kitu kizito. Akikulaani, umelaaniwa, akikuponya, umepona, na ukikataa kile mkono huo unakupa, umesema mbele ya watu kwamba mkono huo ni mtupu. Habari za kuanguka zilimfikia kwa midomo ya wasafiri, naye akatembea.

Shangazi alimwona mlangoni.

“Shemeji! Umekuja na miguu ao njaa njo imekusukuma?”

“Nilifuata harufu ya maharagwe yako, shemeji. Inaungua mpaka kwetu kule.”

“Ungekuja na nyama, basi, tuchanganye.”

“Nyama yetu haipendi kuchanganywa na bantu ba kelele.”

Walishikana mikono kwa furaha kubwa, kama watu wanaochukiana ipasavyo. Mjomba akakaa kitandani kwa dada yake, akamshika kisigino kupitia blanketi. Koti lake halikuvuliwa. Lilikuwa limevimba upande mmoja. Tulizungumza juu ya mvua. Tulizungumza juu ya mvua tena. Hatimaye shangazi alikwenda kuchota maji, na hatua zake zilipozimika, mjomba alichomoa kifurushi cha majani kilichofungwa kwa kamba ya mgomba, akakisukuma chini ya mto wa Mama kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi.

“Ile ya kwanza imeisha?” alinong'ona.

“Iko karibu kuisha, Kaka. Aksanti.”

Daktari alikuwa mlangoni.

Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Alikuja, akaweka mkono chini ya mto bila kuomba ruhusa, akafungua majani. Ndani yake palikuwa na maganda ya mzizi, yaliyokauka, ya rangi ya udongo kwa nje na manjano kwa ndani.

“Nini?”

“Kitu ya ndugu,” mjomba alisema kwa adabu.

Daktari akavunja kipande, akakinusa, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Uchungu ulimkunja uso mzima, lakini hakutema. Akauliza, safari hii kwa sauti ndogo, mti gani. Mjomba alinitazama, mimi nikatazama ukuta. Mwishowe alieleza. Ni mti mdogo, unaota pembeni mwa msitu na katika mashamba yaliyoachwa. Una utomvu mweupe na matunda madogo mekundu. Akainua vidole vinne, akavipanga kuzunguka kidole cha mkono mwingine: majani yanatoka hivi, manne pamoja, mahali pamoja.

Daktari akakaa kitandani. Sikuwa nimewahi kumwona akikaa.

“Kazi yake?”

“Ya kutuliza. Muntu mwenye wazimu, mwenye kupiga bantu, tunamupatia. Muntu mwenye kuona woga, kidogo tu. Kisha fujo ile, bengi balikuya kwangu. Balilala. Na dada yangu nilisikia moyo inamukimbiza. Nilimutumia.”

Daktari alichomoa mfukoni ile chupa ya kinini nyeupe. Akaweka kinini moja katika kiganja cha kulia na ganda la mzizi katika kiganja cha kushoto, akanyoosha mikono yote miwili mbele yetu. Alijaribu kueleza kwa Kiswahili cha chai, akashindwa, akanigeukia kwa Kifaransa, na kwa mara ya kwanza elimu yangu ikapata kazi: nilitafsiri.

“Anasema hii na hii ni kitu kimoja,” nikasema. Kisha nikakatiza, kwa sababu nilikuwa nimeyasikia maneno yangu mwenyewe.

“Sema tena,” mjomba alisema.

“Anasema kinini hii ya tansiyo, huko Ulaya wanaitoa ndani ya mzizi. Mzizi wa mti huu na wa ndugu zake. Wanausaga, wanauchuja, kinachobaki ni hiki.”

Nilikitazama kile kidoti cheupe. Hakikuwa na harufu wala jina la mtu. Kilikuwa kimevuka bahari, kikapanda milima, kikafika Mweso ndani ya chupa. Na umbali wa mwendo wa siku chache tu, nyuma ya nyumba ya mjomba, kilikuwa kimesimama kwenye mvua, kina matunda mekundu, na ndege wanayala. Nimeingia katika makanisa makubwa tangu siku ile, nimesimama chini ya madirisha ya kioo cha rangi. Sijapata kukiangalia kitu chochote kwa kicho kama nilivyoviangalia viganja vile viwili.

Mjomba akapiga paja.

“Ah! Njo maana!” alisema. “Bachuruzi banakuyaka kwetu kununua mizizi hii. Gunia na gunia, inapakiwa mu lori. Siye tulikuwa tunasikitika sana. Tulisema: maskini, kule Ulaya bawazimu bako bengi.”

Daktari aliponielewa alicheka mpaka miwani ikaanguka. Akasema hawakukosea sana.

Shangazi alikuwa amerudi. Alisimama mlangoni na ndoo kichwani.

“Kitu gani iko chini ya muto?” aliuliza.

Nikamweleza. Ndoo ilishuka taratibu mpaka sakafuni.

“Tangu lini?” alimuuliza Mama.

“Tangu mwezi ule uliponileta hapa.”

“Na kinini?”

“Nilikunywa. Yote. Asubuhi yako, jioni ya Kaka.”

“Daktari amekuuliza siku ile ya kwanza, mimi niko hapa, ukasema muchuzi!”

“Ningesema namna gani?” Mama alijiinua kwa kiwiko. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizomsikia tangu nirudi. “Wewe umesimama pale miguuni. Nikisema kaka yangu ananipatia dawa, utasikia dawa yako haina nguvu. Nikiacha ya kaka, atasikia nimemurudishia mukono. Nilikunywa ya kila muntu, nikanyamaza. Ningefanya nini?”

Nilimtazama mwanamke huyo aliyechunika uso na nikaona njia yote aliyopita, akibeba heshima ya koo mbili ndani ya tumbo moja. Kila upande ulimlaza, na pande zote mbili pamoja zilikuwa zimemlaza hadi ukingoni mwa korongo.

Daktari aliniambia nitafsiri vizuri, nami nilijitahidi. Alisema kwamba kila mtu anaposimama, damu yake hutaka kuteremka miguuni kama maji yoyote. Hubaki kichwani kwa sababu mishipa hujibana yenyewe mara hiyo, na moyo huongeza mwendo kidogo, kabla hata hatujafikiri. Mzizi huiambia mishipa isijibane na moyo usikimbie. Kwa kiasi kidogo, hiyo ni nafuu kwa mwenye tansiyo. Mama alikuwa anaambiwa mara mbili. Na kinini za njano, ambazo zikiwa zenyewe tu alizimudu, zilikuwa zinazidisha usingizi juu ya usingizi. Pua iliyoziba, machozi, ule ukimya, vyote vilitoka humo humo.

Nikawaza juu ya watu wote wa milima yetu wanaosimama kutoka kwenye magugu, kutoka kwenye mafiga, kutoka kwenye magoti kanisani, kila mmoja akiinua ziwa zima la damu bila kujua. Tangu siku ile, nikisimama ghafla mbele ya watu kutoa hotuba, hushangaa kidogo kwamba inawezekana. Hotuba yenyewe hainishangazi hivyo.

“Sasa moja tu,” daktari alisema. “Hii ao hii. Mbili, hapana!”

“Ile yangu ninaijua,” mjomba alisema. Hakuwa na hasira, lakini mkono wake ulikuwa juu ya ganda. “Baba yangu alinionyesha. Ninajua kipimo.”

Daktari alitafuta maneno, akayapata mwenyewe.

“Ndiyo, wewe najua muti. Lakini muti hajui kama mama nakunywa kinini.”

Kisha kupitia kwangu akaongeza kwamba mti mmoja huwa mkali na mwingine mpole, hata ikisimama pamoja, na kwamba kinini huwa sawa leo na kesho. Kwa mgonjwa wa namna hii anahitaji kitu kisichobadilika. Hakusema mzizi ni mbaya. Alikuwa bado ameushika.

Mjomba aliinamisha kichwa. Nilijua ni nini kilichokuwa kinaombwa, na daktari hakujua: kumwondolea mjomba mkono wake mbele ya shemeji yake. Nilifungua mdomo kusema jambo la hekima. Mama aliniwahi.

“Kaka,” alisema. “Umesikia? Ni muti yako. Kinini ile niliyokunywa toka mwanzo, ilikuwa mukono yako tu, bamepitisha Ulaya. Sijarudisha kitu. Nitaendelea kukunywa mukono yako. Lakini kwa chupa.”

Mjomba aliinua uso, akaifikiria hukumu hiyo upande huu na upande ule.

“Iko kweli,” alisema polepole.

“Namna gani?” shangazi akapaza sauti, wodi nzima ikageuka. “Kwa hiyo mimi nimebeba muti ya Walikale toka hapa mpaka Kalembe? Nimeilinda kwa kitambaa changu? Nimemuamusha kila asubuhi ili akunywe muti ya Walikale?”

“Umetumika vizuri, shemeji,” mjomba alisema. “Tutakukumbuka.”

Hapo Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, na pua ilikuwa imeziba, kwa hiyo kilitoka kama chafya. Lakini tulikisikia wote, na shangazi, aliyekuwa amejaza kifua tayari kwa jibu, aliachia hewa yote bila kulitoa.

Haikuisha siku hiyo. Mzizi hauna haraka ya kuingia wala ya kutoka, daktari alisema, na kilichokwisha kunywewa kilibaki ndani ya Mama kwa muda ambao hakuna mtu angeweza kuufupisha. Tulikaa Mweso. Kila asubuhi zebaki ilipanda na sisi tulipanda nayo. Hofu ilikuwa na pande mbili sasa: kwamba damu haitarudi juu, na kwamba ikirudi itapitiliza mpaka pale ilipokuwa mwanzo, mahali ambapo mshipa hupasuka kichwani na mtu huamka ameacha nusu ya mwili usingizini. Daktari alimpima Mama akiwa amelala, akampima akiwa ameketi. Kusimama alikataa. Mjomba alilala kwenye mkeka nje ya wodi na hakurudi kwake. Alisema anataka kuona mti wake unavyotoka. Shangazi alimpikia, akilalamika.

Kitu cha kwanza kurudi kilikuwa pua. Asubuhi moja Mama alisema, “Nani ameunguza?” na shangazi, ambaye sufuria yake ilikuwa mbali kule nyuma, alikimbia kama msichana. Kisha lori likapita barabarani, na niliona vidole vya Mama vikishika blanketi. Alikuwa anaogopa. Nilitoka nje ili asinione uso. Daktari alisema woga huo wataushughulikia, taratibu, kwa nusu ya njano jioni tu. Damu ilipoanza kupanda kweli, alimrudishia ile nyeupe, ndogo kuliko ya kwanza, akaiweka mbele ya mjomba na shangazi, akawauliza wote wawili, kwa amri, kama kuna kitu kingine chini ya mto. Mjomba aliinua mto mwenyewe.

Asubuhi aliyoruhusiwa kusimama, wodi ilijua. Wagonjwa waliojiweza waliketi. Mama alijiinua, akakaa ukingoni, miguu ikining'inia, kisha nyayo zikagusa sementi. Akangoja, kama alivyoambiwa. Mjomba alisimama upande mmoja, shangazi upande mwingine, na mimi mlangoni, kwa sababu mahali pote pazuri palikuwa pameshikwa.

“Simama,” daktari alisema, na kwa mara ya kwanza haikusikika kama amri.

Akasimama. Kitambaa kilijaa upepo, zebaki ikapanda, ikaanza kuteremka. Ilifika pale ilipodunda akiwa amelala, ikapita kidogo, na hapo, karibu sana, ikadunda. Ikadunda tena. Daktari aliacha kupumua, nadhani, kwa maana sisi sote tulikuwa tumeacha. Midomo ya Mama ilikuwa na rangi ya midomo. Kitambaa kikavuliwa, na yeye alikuwa bado amesimama, damu yake yote ikiwa imeinuliwa hadi juu na kushikwa huko, na hakuna mtu aliyemgusa.

Mjomba alijifanyia ishara ya msalaba, kisha akafanya ishara nyingine, ndogo, ambayo sikuitambua. Shangazi alikuwa analia kwa sauti ya ng'ambo ya bonde.

Mama aliangalia miguu yake, akaangalia sakafu mpaka kwenye kizingiti, na akaanza kutembea. Alipofika mbele yangu alisimama, akaninyooshea kidevu.

“Toka mu mulango,” alisema. “Unanizibia njia.”